Nundu ya samaki na maji ya Mlima Kenya

UKITOKA Nairobi alfajiri kwa matatu ya Nyeri, jitahidi upate kiti cha upande wa kulia. Mkishapita Thika na kuyaacha nyuma mashamba ya mananasi, na ikiwa mawingu yana huruma siku hiyo, utauona Mlima Kenya ukichomoza kwa mbali na theluji yake chache iliyosalia kileleni. Abiria wengi huutupia jicho mara moja kisha wakarudi kusinzia. Wewe msomaji, nakuomba uutazame kama tangi kubwa la maji lililotundikwa mita 5,199 juu ya bahari.

Kwenye tangi hilo ndiko huanzia Sagana, Ragati, Thego, Naro Moru, Burguret na Liki. Kutoka safu ya Nyandarua iliyo ng'ambo ya pili hushuka Chania na Gura. Mingine ya mito hiyo huungana na kuwa Tana, ikatupa stima kabla ya kufika Bahari Hindi. Mingine hugeukia kaskazini, ikaingia Ewaso Nyiro na hatimaye kupotelea katika kinamasi cha Lorian. Chai unayokunywa ukisoma gazeti hili huenda ilinyweshwa na mto mmojawapo.

Nimeipita njia hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Lakini safari ninayotaka kukusimulia, niliyoifanya mwezi wa Julai wakati wa baridi ya Gathano, ilianzishwa na samaki mmoja asiyezidi urefu wa kiganja.

Samaki huyo ni mali ya kijana wa miaka 12, mtoto wa rafiki yangu anayefundisha shule mjini Nyeri. Alinunuliwa Nairobi kwa pesa za sikukuu, akasafirishwa ndani ya mfuko wa plastiki uliojaa maji nusu, na akawekwa katika tangi la kioo sebuleni. Wanaofuga samaki wa mapambo humwita frontosa. Ana mistari myeusi juu ya mwili wa rangi ya maziwa yenye kuingia buluu. Akikomaa huota nundu kwenye paji la uso, kama ng'ombe wa Kiborana aliyekosea akaiweka nundu yake kichwani badala ya mgongoni.

Mwaka mzima ulipita nundu isionekane. Ndipo kijana akanipigia simu. "Shangazi," akaniambia, "wewe unaandika gazetini na unajua watu. Niulizie ni maji gani yanayootesha nundu."

Alikuwa ameshapata washauri tele. Jirani mmoja alimwambia atie chumvi. Mwingine alimwambia aegeshe kioo cha kujitazamia kando ya tangi ili samaki ajione na kuvimba kwa hasira. Wa tatu alimshauri apandishe joto hadi nyuzi 32. Wa nne ndiye aliyenitia wasiwasi: alimwahidi dawa ya chupa ya kuotesha nundu, na kijana alikuwa ameshaanza kudunduliza pesa za kuinunua. Nikaona heri nifunge safari kabla pesa hazijatoka na samaki hajafa.

Kwa nini watu huisumbukia nundu kiasi hicho? Katika miaka ya 1990 wafugaji wa Malaysia walichanganya mbegu za samaki wenye asili ya Marekani ya Kati na Kusini wakapata aina mpya iitwayo flowerhorn, ambayo nundu yake yaweza kuwa kubwa kama nusu ya yai la kuku. Wengi kule Asia huamini kwamba nundu hiyo huleta bahati, na samaki mwenye nundu kubwa huuzwa kwa bei ya kushangaza. Penye bahati inayouzwa, msomaji, hapakosi muuza dawa.

Jamaa wa tilapia

Nilishuka Sagana, kiasi cha kilomita 100 kutoka Nairobi. Mji huu uko chini kidogo, yapata mita 1,200 juu ya bahari, na jua lake hukumbusha kwamba milima bado iko mbele. Hapa kuna kituo cha ufugaji samaki kilichoanzishwa mwaka 1948, nacho kimewafunza wakulima wa vizazi vingi. Pembezoni mwa mji utakuta watu binafsi wenye mabwawa yao, na ni mmoja wa hao, mzee wa makamo aliyevaa gambuti, aliyenikaribisha nione kazi yake.

Labda utauliza, nundu ya samaki wa sebuleni inahusu nini na mabwawa ya tilapia? Inahusu sana. Frontosa na tilapia, yule ambaye Waluo humwita ngege na Watanzania perege, ni watu wa ukoo mmoja. Wataalamu huuita ukoo huo siklidi. Maziwa yetu makubwa ya Afrika Mashariki, yaani Victoria, Tanganyika na Nyasa, yana mamia ya aina za samaki wa ukoo huo, na kila aina imezoea maji yake.

Frontosa kwao ni Ziwa Tanganyika, ziwa linalozungukwa na Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, lenye kina cha mita 1,470 mahali pake pa ndani kabisa. Maji anamokaa hayana majira. Leo yana nyuzi 25 za sentigredi, kesho nyuzi 25, na mwakani vivyo hivyo. Aidha yamejaa madini, na kwenye kile kipimo cha uchachu wa maji kiitwacho pH hukaribia 9. Msomaji asiyekijua kipimo hicho akumbuke hivi: 7 ni katikati, chini yake ni kuelekea uchachu wa ndimu, juu yake ni kuelekea ukali wa magadi.

Tena usidhani ukoo huo wote hutaka maji ya aina moja. Kule Ziwa Magadi, kusini mwa Nairobi, kuna tilapia mdogo anayeishi katika chemchemi za maji ya moto yanayozidi nyuzi 40, yenye pH ya kiasi cha 10. Maji hayo yangemwua tilapia wa Sagana mara moja. Ndugu wa ukoo mmoja, lakini kila mmoja na kisima chake.

Kichwa kikubwa si nundu

Mzee wa Sagana alitumbukiza wavu akatoa samaki wawili. Wa kwanza alikuwa amenenepa, mgongo wake umeinuka taratibu kutoka kichwani hadi pezini. Wa pili alikuwa na kichwa kikubwa cha kutisha na mwili mwembamba kama kisu.

"Wageni wengi wakimwona huyu wa pili husema ana kichwa cha dume," aliniambia. "Huyu ana njaa. Kichwa ni mfupa, hakipungui. Kinachopungua ni mwili."

Nilimweleza habari za kijana na nundu yake. Mzee hajawahi kufuga frontosa, lakini alicheka akasema kwamba dume lake la tilapia hujaa paji la uso linapokuwa na afya, na likiumwa au likibanwa na wenzake nyama hiyo hunywea. Kisha akaniambia neno ambalo nililibeba hadi mwisho wa safari: "Maji hayamwongezei samaki kitu. Maji humwacha awe alivyo, ama humzuia."

Bwawa lake lina kina cha mita moja hivi. Maji yametulia juani na yana rangi ya kijani ya vijimea vidogo ambavyo tilapia hula. Ninaposema yametulia, nina maana hakuna mfereji unaopita ndani mchana kutwa. Huongeza tu yanayopungua. Kabla ya kujaza bwawa hutia chokaa ya kilimo kwenye udongo ili maji yasiwe chachu. Tilapia, alinieleza, hukua vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 27 na 30. Yakishuka chini ya 20 ukuaji huwa wa kusuasua, na yakifika 16 hivi huacha kula kabisa. Yakishuka zaidi, karibu na 10, hufa.

Nikaziandika tarakimu hizo kwenye daftari langu nikapanda matatu kwenda Karatina na kisha Nyeri. Kadiri gari lilivyopanda ndivyo abiria walivyofunga madirisha. Karatina akina mama wa sokoni walikuwa wamejifunga shuka juu ya sweta. Tulipofika Nyeri, yapata mita 1,750 juu ya bahari, mlima ulikuwa umejificha kabisa na ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mapaa ya nyumba. Tangu Sagana tulikuwa tumepanda mita 550 hivi, na samaki wa ziwa la joto alikuwa akinisubiri.

Sebuleni Nyeri

Kijana alinipokea mlangoni na kunipeleka moja kwa moja kwenye tangi, hata chai sijaonja. Ni tangi la lita 60 hivi, safi kwa macho, lenye mawe yaliyopangwa vizuri. Samaki alikuwa amesimama pembeni, rangi imefifia, mapezi yamekunjwa. Nundu haikuwepo. Paji la uso lilikuwa limebonyea.

Usiku huo tulilala mapema. Asubuhi saa kumi na mbili niliamka nikatumbukiza kipimajoto nilichokuja nacho. Kilisoma nyuzi 19. Nikamwuliza mwenyeji wangu kuhusu ile hita ndogo ya umeme iliyokuwa ndani ya tangi. Mama wa nyumba akajibu kwa aibu kidogo, "Huwa naizima usiku, bili ya stima ni kubwa. Mchana tunaiwasha tena." Saa nane mchana kipimo kilisoma 25.

Basi piga hesabu, msomaji. Samaki ambaye kwao joto halibadiliki mwaka mzima alikuwa akipanda na kushuka nyuzi sita kila siku ya Mungu. Ni kama kumtoa mtu Mombasa kila jioni, ukamlaza nje huko Naro Moru bila blanketi, na asubuhi ukamrudisha Mombasa akafanye kazi. Mtu huyo atanenepa lini?

Maji yenyewe nayo? Nilijaribu jambo ambalo kila mama wa Nyeri analijua. Nilinawa mikono kwa kipande kidogo cha sabuni na povu likajaa beseni. Hiyo ndiyo dalili ya maji laini, yaani maji yenye madini machache. Yametoka mlimani, yamepita juu ya mawe yasiyotoa chokaa nyingi, nayo ni matamu kwa kunywa na mazuri kwa kufulia. Nenda kajaribu sabuni hiyo hiyo kwa maji ya kisima cha Pwani kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, uone utakavyosugua. Kwa frontosa mambo ni kinyume na ya mwanadamu. Maji yale magumu yanayotuudhi ndiyo yanayofanana na ya kwao, na maji yetu matamu ni mageni mwilini mwake.

Bwawa la mjomba

Kesho yake nilivuka hadi Tetu kumsalimu mjomba wangu. Mabonde ya huko ni ya kupendeza: chai juu, migomba katikati, na chini kijito kinachokimbia juu ya mawe. Chini kabisa ya shamba, kando ya kijito, kuna shimo la mstatili lililochimbwa mwaka 2010.

Utakumbuka kwamba katika mwaka wa fedha wa 2009/2010 serikali ilianzisha mpango wa kufufua uchumi ambapo kila eneo bunge lililochaguliwa, kati ya 140, lilipangiwa mabwawa 200 ya mita 300 za mraba. Ilikuwa habari kubwa katika nchi hii ya Mlima Kenya, ambako wazee wetu wa zamani hawakuwa walaji wa samaki. Mjomba alijitolea kipande cha ardhi, akapata vifaranga vya tilapia, na kwa mara ya kwanza maishani akanunua kitabu kinachohusu samaki.

"Nilifungulia maji ya kijito yakapita ndani ya bwawa usiku na mchana," alinisimulia tukiwa tumesimama ukingoni. "Nilidhani nawafanyia wema, mwanangu. Maji safi, baridi, yanayotembea. Nikangoja miezi minane, nikangoja mwaka. Wakawa na vichwa kama ngumi na miili kama kidole. Nikadhani nimepewa mbegu mbaya."

Siku hiyo tulitumbukiza kipimajoto kwenye kijito. Nyuzi 15. Mjomba alikiangalia kwa muda mrefu bila kusema. Mbegu haikuwa mbaya. Samaki walikuwa wakiishi katika maji ambamo mdomo hukataa kufunguka, na yeye alikuwa akiwaongezea baridi kila dakika kwa moyo wake wote. "Kipimo kama hiki ni bei gani?" akaniuliza. Nilipomtajia, hakuwa na la kuongeza ila kutikisa kichwa. Shimo lile sasa limejaa nduma, na nduma hizo, nikiri, ni tamu sana.

Simlaumu mjomba. Sisi watu wa mlimani tumelelewa tukijua kwamba maji mazuri ni maji safi na baridi. Ni kweli, kwa anayeyanywa. Anayeishi ndani yake ana vipimo vyake.

Trauti na baridi yake

Ili uamini kwamba kosa si la maji, nenda Kiganjo. Ni mwendo mfupi tu kutoka Nyeri, pale penye chuo cha polisi. Huko kuna kituo cha kuzalisha samaki aina ya trauti. Trauti si wa ukoo wa tilapia, na kwao ni nchi za baridi. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Uskoti ili samaki hao watiwe katika mito ya Nyandarua, na Gura ulikuwa miongoni mwa mito ya kwanza kuwapata. Tangu hapo mito yetu ya juu imekuwa na wageni hao, na wazungu waliipenda sana kwa uvuvi wa ndoano.

Niliendelea mbele hadi karibu na Nanyuki, ambapo mto Burguret hupita kando ya mkahawa uliojengwa juu ya mti wa mugumo. Chini yake kuna mabwawa ya trauti, na maji hutiririka humo kutoka mlimani bila kukoma. Ni ule ule mpango wa mjomba: maji safi, baridi, yanayotembea. Hapa samaki ni wanene na wepesi, wanaruka chakula kabla hakijagusa maji. Trauti hupenda nyuzi 10 hadi 16. Ukimpeleka Sagana katika bwawa lile la kijani, atakufa kabla ya jua kutua.

Siri mojawapo ni hewa. Samaki huvuta oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji, na maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya moto. Usawa wa bahari, maji ya nyuzi 10 huweza kubeba miligramu 11 hivi kwa lita, na yale ya nyuzi 27 miligramu 8. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, jambo ambalo mpishi wa githeri analijua kwa kuwa maharagwe ya Nyeri hukawia jikoni kuliko ya Mombasa. Kwa sababu hiyo hiyo maji ya Nyeri hubeba kiasi cha nne kwa tano tu ya oksijeni ambayo yangebeba Pwani yakiwa na joto lile lile.

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule jirani wa nyuzi 32. Ukipandisha joto kiasi hicho, samaki huhitaji oksijeni zaidi wakati maji yana oksijeni kidogo zaidi, na tayari uko mlimani. Badala ya kuota nundu atapanda juu kuhema.

Hesabu ya maji

Nilirudi Nyeri jioni hiyo, tukaketi mezani kijana, wazazi wake na mimi, na daftari katikati. Nilimweleza hivi, nami nakueleza wewe msomaji unayefuga au unayekusudia kufuga.

Nundu ni nyama na mafuta. Ukubwa wake huamuliwa kwanza na asili ya samaki, jinsia yake na umri wake. Frontosa dume hupita sentimita 30 akikomaa, na nundu yake hujengeka polepole kwa miaka. Samaki wa kiganja ni mtoto. Kumdai nundu ni sawa na kumdai ndevu mvulana wa darasa la tano. Hakuna chumvi wala chupa inayofupisha miaka hiyo. Kioo nacho humchosha tu, kwani atapigana na adui asiyeondoka.

Kazi ya maji ni kutomzuia. La kwanza ni joto lisiloyumba, nyuzi 25 hivi, usiku na mchana. Hita isizimwe. Stima ikipotea usiku, funika tangi kwa blanketi nzito, uache nafasi ndogo ya hewa juu. Tangi kubwa hupoa polepole kuliko dogo, na hiyo ni sababu moja ya kutomfuga samaki huyu katika lita 60. Anahitaji lita 400 au zaidi akikua.

La pili ni usafi usioonekana kwa macho. Uchafu wa samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wazuri wanaokaa ndani ya kichujio huigeuza hatua kwa hatua hadi ikawa naitreti, isiyo kali sana, nayo huondolewa kwa kubadilisha maji. Badilisha robo ya maji kila juma, wala usimwage yote. Maji ya mfereji yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kuyatumia, na yapashe joto yalingane na ya tangi.

La tatu ni madini, na hapa sikiliza kwa makini. Maji yetu laini yanaweza kusogezwa karibu na yale ya Tanganyika kwa kuweka vipande vya chokaa au matumbawe yaliyosagwa ndani ya kichujio, vikayeyuka pole pole kwa majuma. Lakini usirushe magadi kwa konzi. Katika maji yenye pH 7, kwa joto la nyuzi 25, chini ya sehemu moja kwa mia ya amonia ndiyo iliyo katika hali ya sumu kali. Pandisha pH ile ile hadi 9, na zaidi ya theluthi moja hugeuka sumu. Kwa hiyo anayepandisha pH katika tangi chafu humwua samaki wake kwa mkono wake mwenyewe, kisha akalaumu mbegu.

Kijana alisikiliza yote akiandika. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nimeliogopa. "Nikifanya hayo yote, shangazi, nundu itatoka?"

Nikamwambia ukweli. Huenda huyo samaki ni jike, na jike nundu yake huwa ndogo. Hakuna awezaye kumhakikishia kwa kumtazama akiwa na umri huo. Akifanya hayo yote atapata samaki mzima. Nundu ni majaliwa yake yule samaki.

Alinyamaza. Niliona akiutazama mkebe wa pesa alizodunduliza za dawa ya chupa. Baba yake hakusema neno, nami sikusema.

Wiki iliyopita simu yangu ililia. Pesa za mkebe, zikiongezwa na za baba, zilinunua tangi kuukuu la lita 400 lililokuwa limekaa ghalani kwa mtu, pamoja na hita yenye kujizima na kujiwasha yenyewe. Mama wa nyumba amekubali kuiacha usiku, ila taa ya sebuleni sasa huzimwa mapema ili kufidia bili. Samaki amerudi katika rangi zake, anakula hadi mkononi, na ameongezeka upana wa vidole viwili.

"Na nundu?" nikauliza.

"Bado," akasema kijana. "Lakini lile bonde la kwenye paji limejaa. Sasa pako sawa."

Msomaji, ukipita njia hiyo ya Nyeri, na mawingu yakikuonea huruma ukauona mlima, kumbuka kwamba tangi lile la mita 5,199 linawapa watu wa Kiganjo trauti, likampa mjomba wangu nduma, na limemfunza kijana mmoja subira. Kabla hujamnunulia samaki chakula, dawa au mwenzake, mnunulie kipimajoto. Kisha amka saa kumi na mbili asubuhi ukitumbukize.